Uzani atomia na wingi wa isotopi

Uzani atomia wa elementi ni wastani wa masi za isotopi zake, kila isotopi ikihesabiwa kwa kadiri ya wingi wake katika maumbile. Isotopi ni atomi za elementi moja zenye idadi sawa ya protoni, lakini zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni.

Klorini ni mfano ulio wazi. Ina isotopi mbili thabiti: klorini-35 na klorini-37. Mwanafunzi akijumlisha 35 na 37, kisha akagawanya kwa mbili, atapata 36. Jibu hilo si sahihi, kwa kuwa isotopi hizo hazilingani kwa wingi: katika kila atomi 100 za klorini, takriban 76 ni za klorini-35 na 24 tu ni za klorini-37. Kwa hiyo kila masi huzidishwa kwanza kwa sehemu yake:

(34.97 × 0.7577) + (36.97 × 0.2423) = 35.45

Wastani umevutwa upande wa isotopi iliyo nyingi.

Matumizi. Isiandikwe "kila atomi ya klorini ina masi ya 35.45", kwani hakuna atomi hata moja yenye masi hiyo, namba hiyo ni ya mchanganyiko mzima. Iandikwe "uzani atomia wa klorini ni 35.45". Vilevile, uzani atomia usichanganywe na *namba ya masi*, ambayo ni jumla ya protoni na nyutroni za atomi moja, na daima huwa namba nzima.