Ugumu wa Kupima Mionzi Hafifu ya Eksirei

Miali ya eksirei inayotumika hospitalini, ukiacha ile ya mashine kubwa za kutibu saratani zilizojificha ndani ya mwili, hugawanywa katika makundi mawili: miali ya nishati ndogo, inayozalishwa kwa umeme usiozidi kilovolti 100 hivi, na miali ya nishati ya kati, inayofika takribani kilovolti 300. Kundi la kwanza hupiga picha za matiti, kwa kilovolti 25 hadi 35, na hutibu saratani za juu ya ngozi. La pili hutumika kwa uvimbe uliozama kidogo zaidi, au kutuliza maumivu ya saratani iliyoingia kwenye mifupa iliyo karibu na ngozi kama vile mbavu. Ni rahisi kudhani kwamba mionzi hafifu hupimika kwa urahisi kuliko mikali, lakini wanafizikia tiba, ambao kazi yao ni kuhakikisha kwamba mgonjwa anapata dozi iliyokusudiwa, wanajua kwamba hali ni kinyume.

Dozi ni nishati inayoachwa na mionzi katika kila kilo ya mwili, na kipimo chake ni grei, yaani jouli moja kwa kilo, kilichopitishwa mwaka 1975 kwa heshima ya Mwingereza Louis Harold Gray. Kuipima nishati hiyo moja kwa moja kwa njia ya joto ni kazi ngumu mno, kwa kuwa grei moja huongeza joto la maji kwa nyuzi 0.00024 tu za Selsiasi. Kwa sababu hiyo wataalamu wa awali walitafuta dalili nyingine. Wapo waliotazama wekundu wa ngozi, njia ambayo leo ingemtia mtu hofu, na wapo waliotumia vidonge vinavyobadilika rangi, kama vile vya Sabouraud na Noiré wa Paris, ambao tangu mwaka 1904 waliviweka katikati ya mashine na kichwa cha mtoto mwenye mapunye ili wajue lini nywele zimepata mionzi ya kutosha kunyonyoka. Mwaka 1928 mkutano wa kimataifa wa Stockholm uliamua kwamba dalili itakayotegemewa ni umeme ambao miali huuzalisha inapopita hewani, na kipimo kikaitwa rontjeni.

Msingi huo haujabadilika. Katika maabara kuu za vipimo, kama ile ya kimataifa iliyopo Sèvres karibu na Paris, hutumika chemba ya hewa huru: miali iliyobanwa na tundu dogo hupita katikati ya vibamba viwili bila kugusa chochote isipokuwa hewa, elektroni zinazong'olewa husafiri humo hadi ziishiwe nguvu, na chaji yote inayotokea hukusanywa. Kwa kuwa kila kulombi moja ya chaji hiyo huwakilisha jouli 33.97, hesabu iliyobaki ni ya kuzidisha na kugawanya, na jibu lake huitwa kerma ya hewa, yaani nishati ambayo miali imezikabidhi elektroni katika kila kilo ya hewa. Chombo hicho hakihitaji kulinganishwa na kingine, lakini hakibebeki hadi hospitalini.

Hospitalini hutumika chemba ndogo, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Miali hafifu humezwa kwa kiwango kinachobadilika haraka sana kulingana na nishati yake na aina ya kitu inachokutana nacho, kiasi kwamba kalisi ya mfupa huimeza mara kadhaa kuliko nyama, na hata ukuta wa chemba unaweza kupotosha kipimo. Kilovolti zinazoonekana kwenye mashine hazitoshi kuieleza miali, kwa sababu mashine mbili zenye kilovolti 100, moja ikiwa na kichujio chembamba na nyingine kinene, hutoa miali tofauti kabisa. Kinachotumika ni unene wa nusu, yaani unene wa bamba la alumini au shaba unaopunguza miali hadi nusu. Umbali nao ni mtego: ngozi ikiwa sentimita 10 kutoka chanzo cha miali, kosa la milimita moja tu hubadilisha dozi kwa asilimia 2. Juu ya hayo, mwili wenyewe hurudisha sehemu ya miali kuelekea ngozini, nyongeza ambayo katika uwanja mpana wa miali inaweza kuzidi theluthi moja.

Hewa yenyewe pia ina lake. Chemba nyingi zina upenyo wa kuingizia hewa ya nje, na Nairobi, jiji lililo karibu mita 1,700 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 83 badala ya 101.3, hivyo usomaji hupungua kwa takribani asilimia 18 usiporekebishwa, ilhali mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 1976 yalitaka dozi ya tiba isikosewe kwa zaidi ya asilimia 5. Dar es Salaam, kwenye joto la nyuzi 30, tofauti ni kama asilimia 3. Atakayeuliza mgandamizo huo kwa wataalamu wa hali ya hewa awe mwangalifu, kwani namba wanazotangaza huwa zimesharekebishwa kana kwamba mji upo ufukweni.

Katika uchunguzi, tofauti na tiba, hakuna daktari anayeandika dozi. Kuna viwango vya rejea tu, kama vile kile cha miligrei 0.4 kwenye ngozi kwa picha moja ya kifua, kilichowekwa kimataifa mwaka 1996. Enzi za filamu, mionzi ikizidi picha iligeuka nyeusi na mpigaji akajua amekosea. Mashine za kidijitali zimeondoa onyo hilo, kwani mionzi inapozidi picha hutoka safi zaidi, na dozi huweza kupanda mwezi hata mwezi bila mtu kushtuka, isipokuwa pale kipimo kilichofungwa kwenye mdomo wa mashine kinaposomwa na namba zake kulinganishwa na hivyo viwango.