Musa wa Nyika ya Sketi, Aliyepigana na Mazoea Yake

Liko neno moja ambalo walimu hulisikia mara nyingi. Mtu huja jioni, wenziwe wakiisha kutawanyika, husema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nalibatizwa, nikamkataa Shetani na kazi zake zote, lakini dhambi ile ile ya kale ingali inanirudia. Labda imani yangu si ya kweli. Afadhali nisije tena Mezani pa Bwana." Wengine wasemao hivyo huacha kuja kabisa, na nyumba zao hupoa kama jiko lililokosa kuni. Kwa ajili yao, na kwa ajili yetu sote, twataka kusimulia mwezi huu habari za ndugu yetu mmoja wa zamani, Mwafrika kama sisi.

Katika karne ya 4 alikuwako Misri mtu jina lake Musa, asili yake Mkushi, mweusi wa rangi, mwenye nguvu nyingi za mwili. Alikuwa mtumishi nyumbani kwa mtu mwenye cheo, naye bwana wake akamfukuza kwa sababu ya wizi na ukali. Ndipo akawa mkuu wa wanyang'anyi. Palladius, aliyekaa miaka mingi na watawa wa Misri na kuandika habari zao yapata mwaka 420, asimulia kwamba Musa alimchukia mchungaji mmoja ambaye mbwa zake walimzuia usiku katika shughuli zake mbaya. Akauvuka mto Naili kwa kuogelea, upanga kati ya meno, nguo yake kichwani. Mchungaji akajificha, basi Musa akachinja kondoo waume wanne walio wazuri, akawafunga kwa kamba, akarudi nao akiogelea. Nyama akala, ngozi akauza apate divai.

Mtu huyo ndiye Mungu aliyemwita. Musa akatubu, akaenda kukaa na watawa katika nyika ya Sketi, magharibi ya Naili. Mahali hapo leo huitwa Wadi Natrun, na nyumba nne za watawa zingaliko.

Sasa twaweza kudhani ya kuwa vita vyake vilikwisha. Kumbe ndipo vilipoanza! Tamaa za kale za uasherati zikamshambulia hata akawa hawezi kukaa chumbani mwake. Akaenda kwa mzee Isidore, kasisi wa Sketi. Mzee akamsihi arudi chumbani; Musa akajibu ya kuwa hawezi. Basi, husimuliwa kwamba mzee alimpandisha juu ya dari, akamwonyesha upande wa magharibi jeshi la pepo wabaya wakijiweka tayari kwa vita. Kisha akamgeuza upande wa mashariki, akaona malaika wengi wasiohesabika. Akamwambia ya kuwa hao ndio waliotumwa kuwasaidia watakatifu, nao ni wengi kuliko adui. Musa akashukuru, akapata moyo, akarudi.

Tena mzee alimfundisha kwa mfano wa mbwa. Mbwa aliyezoea kupata mifupa mlangoni pa mwuza nyama haondoki upesi. Lakini duka likifungwa, asitupiwe kitu tena, njaa itamfukuza, naye atakwenda zake. Ndivyo yalivyo mazoea mabaya: hayaachi kuja kwa sababu tumeyakemea mara moja, bali huacha yakikosa chakula.

Musa akashindana kwa nguvu zake zote. Akafunga, akakesha usiku akiomba. Usiku pia alikuwa akizunguka vyumba vya watawa walio wazee na dhaifu, akaitwaa mitungi yao na kuijaza maji, wao wasijue; na kisima kilikuwa mbali, kwa wengine mwendo wa maili mbili, kwa wengine hata tano. Tazameni, wasomaji: mabega yaliyovusha kondoo wa wizi, sasa yanachukua maji ya wazee. Hata hivyo jaribu halikutoka. Usiku mmoja alipoinama kisimani alipata pigo kiunoni, akaanguka kama mfu, akaugua karibu mwaka mzima.

Ndipo Isidore akamwambia jambo kubwa. Alimwonya ya kuwa hata ushujaa una mpaka, asizidi kupigana kana kwamba ushindi ni wake. Akamtangazia, kwa jina la Yesu Kristo, ya kuwa jaribu lile limekoma, akamwambia aje bila hofu kuishiriki Meza ya Bwana. Na sababu ya kuteswa muda mrefu hivyo? Asije akajisifu ya kuwa alishinda kwa nguvu zake mwenyewe.

Basi ndugu anayesema, "Nisije tena Mezani kwa kuwa ni dhaifu," na asikie. Mtume Paulo katika Warumi mlango wa 7 aungama vita hivi hivi, naye hakumwacha Bwana wake. Yeye achukiaye dhambi yake na kuiungama, hakutupwa. Na aje, maana mgonjwa akimkimbia mganga atapona wapi? Aliye katika hatari ni yule aliyefanya mapatano na dhambi yake, akalala usingizi.

Lakini tusiombe tu na huku tukimtupia mbwa mifupa. Mwenye kushindwa na pombe asipite njia ya kilabuni. Mwenye ulimi mkali asikae barazani pa wasengenyaji. Mwenye deni la udanganyifu na alirudishe, hata kidogo kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Na nguvu iliyotumika katika uovu ipewe kazi: yuko mjane asiye na kuni, yuko mzee asiye na maji.

Neno la mwisho ni kwa wazee wa kanisa, walimu, na wazazi. Siku moja ndugu mmoja wa Sketi alikosa, na baraza likamwita Musa aje kuhukumu. Akakataa. Walipomwita tena akaja na mtungi uvujao, amejaza maji, anayachukua. Walipomwuliza maana yake, akajibu ya kuwa dhambi zake mwenyewe zinamwagika nyuma yake wala hazioni, naye leo anaitwa kuhukumu za mwingine. Wakamsamehe yule ndugu. Hatusemi dhambi isikemewe. Mtoto aliyesema uongo na aonywe. Lakini asipewe "Mwongo" kuwa jina lake, maana tukimfungia mlango wa kurudi, atarudi wapi?

Musa akawa kasisi, akafa mwenye umri wa miaka 75, akaacha wanafunzi 70. Mungu aliyemshika mkono asichoke na sisi, wala sisi tusichoke kumwendea. Jioni ya leo, kabla ya kuzima taa, kila nyumba na tuulizane kwa upole: ni mfupa gani tunaomtupia mbwa?