Mpenzi, Tutazikwa Wapi?

Mmeshapanga harusi, mkopo wa gari na shule ya watoto. Kaburi je? Ukiishi Nairobi, usipolizungumza mapema utakuwa umemwachia mtu mwingine aamue.

Wachumba wa siku hizi tumekuwa wajanja. Tunaulizana mshahara, tunaulizana madeni, tunakwenda kupima damu pamoja kabla ya kadi za mwaliko kuchapishwa. Hata suala la mama mkwe kuja kukaa nasi tunalimaliza mapema. Lakini mwulize mpenzi wako angependa kuzikwa wapi, uone atakavyokukodolea macho. Wengine watasema unamwombea kifo.

Mimi nimeanza kuuliza, na sababu ni rafiki yangu mmoja. Alifiwa na mume wakiwa bado vijana. Bili ya hospitali ilikuwa imekula akiba yote, na safari ya kwenda nyumbani mashambani ilihitaji gari, jeneza, hema na chakula cha watu mia kadhaa. Wakaamua marehemu azikwe papa hapa mjini, katika makaburi ya umma. Shemeji yake alikwenda ofisini, akalipa ada iliyokuwa nafuu na kurudi na risiti. Katika kilio kile, nani angesoma risiti?

Miaka ikapita. Siku mama huyo alipotaka kumwekea mumewe jiwe zuri, ndipo alipoambiwa kwamba lile ni kaburi la muda. Haruhusiwi kujenga. "Nilihisi kama nimefiwa tena," aliniambia. Na risiti yenyewe haikuwa na jina lake.

LA MUDA AU LA KUDUMU?

Hapa ndipo wengi wetu hatujui kitu. Katika makaburi ya umma ya Nairobi kuna kaburi la muda na kaburi la kudumu. La kudumu ada yake ni kubwa zaidi, na familia inaweza kulijengea na kuweka jiwe la kumbukumbu. La muda ni la bei nafuu, lakini hulijengei kwa saruji, kwa sababu baada ya miaka kadhaa nafasi hiyo inaweza kutumiwa kumzika mtu mwingine. Kwa macho, siku ya mazishi, yote mawili yanafanana: udongo mwekundu, maua na msalaba wa mbao. Tofauti iko kwenye karatasi.

Na karatasi hizo ni za nani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imekabidhi makaburi ya umma, nyumba za kuhifadhia maiti na mahali pa kuchomea miili kwa serikali za kaunti. Kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013, hapa jijini mambo haya yalikuwa mikononi mwa Baraza la Jiji. Ada hupangwa na kaunti kupitia Sheria ya Fedha, ambayo hupitishwa na bunge la kaunti. Kwa hiyo bei aliyokutajia mjomba aliyezika miaka mitano iliyopita huenda si ya leo. Na kwa kuwa kila kaunti hupanga ada zake, bei ya Nairobi usiitarajie Kiambu wala Mombasa.

Kuna jambo jingine. Huwezi kuzika bila kibali cha mazishi. Mtu akifia hospitalini, hospitali ndiyo inayotoa taarifa ya kifo na kuwaandalia kibali. Akifia nyumbani, mnakwenda kwa naibu wa chifu. Kibali hiki si cheti cha kifo. Cheti kinafuata baadaye, na ndicho benki na watu wa pensheni watakachokudai.

LANG'ATA ILIJAA ZAMANI

Unaweza kusema, "Ah, nitalipia la kudumu, basi." Polepole. Makaburi ya Lang'ata, ambayo ndiyo makubwa ya umma jijini, yalifunguliwa mwaka 1958 na kutangazwa kuwa yamejaa mwaka 1996. Hata hivyo mazishi hayakukoma. Watu wameendelea kuzikwa humo, makaburi yakisongamana mpaka mwombolezaji anatafuta pa kukanyaga.

Suluhisho lilitafutwa. Karibu na mwaka 2009 Baraza la Jiji lilinunua ekari 120 kule Mavoko kwa shilingi milioni 283 ili kupata makaburi mapya. Wachunguzi wa ufisadi walipoingia, walisema thamani halisi ya shamba lile ilikuwa kama shilingi milioni 24. Kisha ikabainika kwamba ardhi yenyewe ni ya mawe, haichimbiki kaburi la maana. Kesi zikafika mahakamani, lakini wafu wa Nairobi hawakupata pa kulala. Ndiyo maana kaburi la muda lipo: mji umeishiwa nafasi, na nafasi ikiwa haba lazima irudiwe.

NANI ANA USEMI?

Sasa tuingie chumbani kwetu, maana hapa ndipo ndoa zinapojaribiwa. Wengi wetu tumeoana na watu wa kabila lingine. Kwetu tunazika hivi, kwao wanazika vile. Mkiwa hai mnacheka nazo tofauti hizo. Mmoja akifa, wazee wa ukoo wanafika na kikao kinaanza bila wewe.

Wakenya hatujasahau kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mkewe, Wambui, Mkikuyu aliyewahi kupigania uhuru, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong, akisema hayo ndiyo yalikuwa matakwa ya mumewe. Ukoo wa Umira Kager, wa Waluo, ukasema mwana wao lazima arudi Siaya. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Rufani, mwili ukiwa mochari zaidi ya miezi mitano. Mei 1987 ukoo ulishinda na Otieno akazikwa Nyalgunga. Mkewe hakuhudhuria mazishi hayo.

Tangu wakati huo majaji wamekuwa wakitazama zaidi nani aliishi na marehemu na kumtunza, na mara nyingi huyo ni mke au mume. Lakini bado maiti si mali inayorithishwa kama gari. Matakwa ya marehemu yanapewa uzito, ila hayaifungi mahakama moja kwa moja. Na kama mnaishi pamoja tu bila cheti, utaanza kwa kuthibitisha kwamba wewe ni mke, huku mochari ikihesabu siku. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, hata ya kimila. Usiseme tutasajili baadaye.

Nilipomwuliza mume wangu swali hili, alitua kijiko akasema, "Kwani umeninunulia bima?" Tulicheka, kisha tukazungumza mpaka chakula kikapoa. Yeye anataka kulala kando ya baba yake, nyumbani. Mimi nataka mjini, mahali watoto wanaweza kufika Jumapili kwa matatu bila kuomba likizo. Hatukukubaliana kila kitu, lakini sasa kila mmoja anajua moyo wa mwenzake, na hakuna shemeji atakayenieleza mume wangu alitaka nini.

NJIA YA TATU

Kuna wanaochagua moto. Profesa Wangari Maathai, aliyefariki Septemba 2011, aliomba asizikwe ndani ya jeneza la mbao. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, magugu maji na mafunjo, na mwili wake ukachomwa kwenye tanuri la jamii ya Wahindu huko Kariokor. Mwaka 2018 mwili wa Kenneth Matiba ulichomwa Lang'ata, ambako pia kuna tanuri la umma. Kwa Mwislamu njia hii haipo, na hata katika familia za Kikristo bado inazua maneno. Ukiitaka, iseme kwa mdomo wako mwenyewe ungali na pumzi. Mjane hawezi kuitetea peke yake mbele ya wazee.

FANYENI HAYA WIKI HII

Zungumzeni mkiwa wazima. Msisubiri wodi. Swali ni rahisi: mjini au nyumbani, udongo au moto?

Andikeni. Ukurasa mmoja unatosha, wenye tarehe, sahihi na mashahidi wawili, mmoja wa kila upande.

Ulizeni ada kabla ya msiba. Nendeni ofisi ya kaunti mkaangalie ada za mtu mzima na mtoto, za muda na za kudumu. Kisha linganisheni na kile ambacho chama chenu au bima ya mazishi italipa.

Someni risiti. Hata kama anayelipa ni shemeji, iandikwe jina la mke au mume, aina ya kaburi na namba yake. Ipigeni picha, mhifadhi na nakala. Mtu akiomba pesa mkononi bila risiti, mwulizeni ni ya nini.

Msichague la muda mkidhani mtahamisha baadaye. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, kufukua mwili kunahitaji kibali, na gharama yake ni mazishi ya pili.

Mkimaliza, wekeni karatasi hiyo pamoja na cheti cha ndoa, na mmwambie mtu mmoja wa kila upande mahali ilipo. Halafu pasheni chakula moto, mle.