Fahamu: Pua ya silikoni inapoanza kutoa usaha
Ukiwekewa silikoni puani Nairobi, kisha ukarudi zako Rongo au Mbita, aliyekupasua anabaki mbali. Ncha ya pua ikiwa nyekundu, ikiuma au ikitoa usaha, hata miaka kadhaa baadaye, kishawishi ni kukimbilia duka la dawa. Vidonge huweza kutuliza kwa muda tu. Silikoni haina mishipa ya damu, na bakteria hujijengea juu yake utando ambao dawa haiupenyi vizuri. Ndiyo maana mara nyingi hulazimu kipandikizi kitolewe, pua isafishwe, kisha ijengwe upya kwa gegedu la sikio au la ubavu wa mgonjwa mwenyewe. Ghali, ndiyo.

Usiikamue. Vena za hapo huwasiliana na zile zilizo chini ya ubongo. Homa, maumivu makali ya kichwa au jicho kuvimba ni dharura: nenda hospitali ya rufaa ya Homa Bay au Migori usiku huohuo.

Hadhari ianze kabla ya upasuaji: mwaka 2024 baraza la madaktari, KMPDC, lilifunga kliniki ya urembo Nairobi kufuatia kifo cha mteja aliyeondolewa mafuta mwilini. Sajili ya baraza hilo iko mtandaoni. Mtafute daktari humo kabla ya kulipa.