Ada imelipwa, nauli hakuna: Hesabu ya kusomea besi ya jazi

Mfanyabiashara anayepitisha mzigo Namanga au Mutukula anaifahamu hesabu hii: bidhaa imeshalipiwa yote, lakini inalala mpakani kwa kukosa fedha ya usafiri.

Ndivyo ilivyokaribia kumkuta Esperanza Spalding, binti wa Portland, Marekani, alipopata nafasi ya kusomea besi ya jazi katika chuo cha muziki cha Berklee, mjini Boston. Ufadhili ulilipa ada yote. Kilichobaki ni nauli ya kuvuka nchi kutoka magharibi hadi mashariki, kisha chakula na pango.

Marafiki zake wakafanya jambo ambalo huku lingeitwa harambee. Waliandaa onyesho la muziki, na mapato yake yakanunua tiketi ya ndege.

Spalding alizaliwa mwaka 1984. Yeye na kaka yake walilelewa na mama peke yake. Akiwa na miaka 4 alimwona mpiga selo Yo-Yo Ma kwenye kipindi cha watoto cha televisheni, na mwaka uliofuata alikuwa ameshika fidla. Besi aliikuta baadaye, akiwa sekondari.

Alipofika miaka 16 alijiunga na masomo ya muziki katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Portland. Alikuwa mpiga besi mdogo kuliko wote darasani, na wenzake walikuwa wamemtangulia kwa miaka mingi ya mazoezi. Hata hivyo, mwalimu wake alimhimiza ajaribu mtihani wa Berklee.

Si jazi ya dansi

Katika ukanda huu jina lenyewe linaweza kumchanganya mtu. Morogoro Jazz, Western Jazz na OK Jazz ya Kinshasa zilikuwa bendi za dansi na rumba, na mpiga besi anayekumbukwa zaidi ni yule mwenye gitaa la umeme.

Mwanafunzi wa jazi anaweza kusomea gitaa hilo pia, lakini chombo cha asili cha fani hii ni besi kubwa ya mbao. Ina nyuzi 4, inasimama kwa urefu wa mtu mzima au kumzidi, na hupigwa kwa vidole au kwa upinde.

Kazi yake kubwa huitwa mwendo. Katika kila kipande cha mapigo manne, mpigaji hutoa noti nne, moja baada ya nyingine, zikiwaonyesha wenzake wimbo unakoelekea. Mpiga tarumbeta akikosea, msikilizaji anaweza asijue. Mpiga besi akipotea, bendi nzima inayumba.

Kwa sababu hiyo mtihani wa kuingia chuoni hauishii kwenye wimbo mmoja uliofanyiwa mazoezi nyumbani. Mwombaji hutakiwa pia kutunga papo hapo, kusoma noti ambazo hajawahi kuziona, na kurudia kwa chombo kile alichokisikia kwa sikio.

Akishapokelewa, husoma nadharia ya muziki, hupiga katika vikundi vidogo na hutumia saa nyingi peke yake chumbani. Zoezi mojawapo ni kusikiliza rekodi za magwiji na kuandika kila noti ya besi. Miongoni mwa magwiji hao ni Ron Carter, ambaye naye ni msomi: alihitimu shule ya muziki ya Eastman mwaka 1959, akapata shahada ya uzamili Manhattan mwaka 1961.

Fedha zikaisha

Akiba ya Spalding haikudumu Boston. Alifikia kufikiria kuuacha muziki na kusomea sayansi ya siasa. Mpiga gitaa mashuhuri Pat Metheny ndiye aliyemsihi abaki, akimwambia ana kipaji cha kufika mbali iwapo atakaza buti.

Alibaki. Alihitimu mwaka 2005, na akiwa na miaka 20 tu chuo hichohicho kikamwajiri kufundisha. Mwaka 2011 alitwaa tuzo ya Grammy ya msanii mpya bora, akiwa msanii wa kwanza wa jazi kuipata. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Harvard kilimteua kuwa profesa.

Kwa mzazi wa Busia au Rusumo ambaye mwanawe anataka kuvuka mpaka kwenda kusoma muziki, au fani nyingine yoyote, barua ya ufadhili inafaa kusomwa kama hati ya mzigo, mstari kwa mstari. Inalipa ada peke yake, au na malazi pia? Nauli ni ya nani? Mwaka wa pili unalipwa na nani?

Mwanafunzi wa besi ana swali la ziada: chombo kitasafirije? Besi ya mbao haiingii katika kabati la mizigo juu ya kiti. Huhitaji kasha gumu na malipo ya mzigo mkubwa.

Kuna pia suala la cheti. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, katika ibara ya 11 inazitaka nchi wanachama kutambuliana vyeti vya taaluma. Kwa chuo cha nje ya Jumuiya, ni vyema kuuliza mamlaka ya elimu ya juu nyumbani kabla ya kulipa chochote.

Hesabu hizo zikifanywa mapema, familia hujua pengo ni kiasi gani. Kwa Spalding, pengo la kwanza lilikuwa tiketi ya ndege, na jioni moja ya muziki wa marafiki ikalijaza.