Eosinofili Zikipanda, Usikimbilie Vidonge vya Pumu

Bila shaka umepata kukaa kwenye benchi la hospitali, mtoto mapajani, na mkononi karatasi ya majibu ya damu. Wingi wa damu unaufahamu. Malaria huna haja ya kuelezwa. Lakini chini kabisa pameandikwa "eosinofili", na mbele yake namba 15, na mhudumu amekwisha kuita jina la mwingine. Neno hilo ndilo tutakalolizungumzia leo, maana kulipuuza kumewahi kuwapeleka watu kaburini.

Eosinofili ni moja ya aina tano za chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Ni kikosi kidogo: kwa mtu mwenye afya, kwa kawaida hazizidi 5 katika kila chembechembe nyeupe 100. Mtaalamu wa Kijerumani, Paul Ehrlich, alizitambua mwaka 1879 alipoitia damu rangi iitwayo eosini. Punje zilizojaa ndani yake ziliinywa rangi hiyo zikawa nyekundu ya kung'aa. Hadi leo mpimaji achunguliaye kwenye hadubini huzijua kwa wekundu huo.

Punje hizo ni sumu. Adui akiwa bakteria, chembechembe nyingine humlamba zikammeza. Kiluwiluwi wa mnyoo ni mkubwa mno, hamezeki. Eosinofili basi humzingira na kummwagia sumu. Ubaya ni kwamba sumu haina macho. Ikimwagwa katika njia za hewa kwa sababu ya vumbi ambalo mwili umelichukia bure, huziunguza, na mgonjwa wa pumu hukosa pumzi. Namba ile ile, basi, yaweza kuwa ya pumu au ya mnyoo.

Chukua mtoto aliyekula embe lisilooshwa, lenye mayai ya mnyoo mkubwa wa tumbo. Mayai huanguliwa utumboni. Viluwiluwi huchukuliwa na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa tena, na ndipo hukomaa. Wakipita mapafuni mtoto hukohoa na kifua hulia filimbi. Wilhelm Löffler, daktari wa Uswisi, aliieleza hali hiyo mwaka 1932. Choo kikipimwa wakati huo hakionyeshi kitu, kwani mnyoo huchukua miezi miwili au mitatu kabla ya kutaga. Mara nyingi kikohozi hicho hupoa chenyewe.

Wa kuogopwa zaidi ni mnyoo mdogo aitwaye strongiloidi, aingiaye kwa kutoboa ngozi ya mtu atembeaye peku. Huyu huzaana humo humo mwilini, miaka nenda miaka rudi. Askari wa Uingereza waliofungwa na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili na kufanyishwa kazi kwenye reli ya Burma walikutwa naye zaidi ya miaka 30 baada ya kurudi kwao.

Sasa mgonjwa wa namna hiyo akibanwa kifua, jirani mwema humwelekeza dukani akanunue prednisoloni. Hatuvilaani vidonge hivyo. Ni dawa halali ya pumu, na aliyeandikiwa na daktari asiviache ghafla. Lakini hulegeza ulinzi wa mwili. Strongiloidi hupata mwanya, wakazaana bila kiasi, wakasambaa mapafuni na hata ubongoni, na bakteria wa utumbo wakafuatana nao. Wengi wanaofikia hapo hufariki dunia.

Kwa hiyo, kabla ya kuvianza, mwonyeshe daktari karatasi yako, umweleze kama umezoea kutembea au kulima peku, na umwombe akupime choo zaidi ya mara moja, maana viluwiluwi hao hawaonekani kila siku. Akipatikana, iko dawa ya ivermektini.

Tena usingoje karatasi ya pili ikuonye. Prednisoloni hushusha eosinofili, hata mnyoo akiwa bado yumo. Namba itasoma 1, au 0, nawe utakwenda nyumbani ukidhani umepona.