Chile: Taifa Lililoishi kwa Chumvi ya Jangwani

Katika Jangwa la Atacama, kaskazini mwa Chile, kuna mahali miaka hupita bila tone la mvua. Ukame huo ndio ulioihifadhi naitreti, chumvi iliyorutubisha mashamba ya Ulaya na kutengenezewa baruti. Chile iliyanyakua machimbo ya naitreti kwa vita na Peru na Bolivia (1879–1883), na kwa miongo kadhaa ushuru wake ukaipa serikali karibu nusu ya mapato. Matajiri wa Santiago, bila shaka, hawakuona haja ya kodi nyingine.

Wachimbaji waliishi kwingine kabisa. Kwa miaka mingi kampuni ziliwalipa kwa vibati vilivyopokelewa katika duka la kampuni tu, kwa bei iliyopangwa na kampuni hiyo hiyo.

Pigo la kwanza lilitoka maabara. Mwaka 1913 kiwanda cha BASF huko Oppau, Ujerumani, kilianza kutengeneza amonia kwa nitrojeni ya hewani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mbolea ya viwandani iliyotokana na amonia hiyo ikaanza kuinyang'anya Atacama wateja. Chile ilikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kujipanga. Ikakopa.

Carlos Ibáñez del Campo, aliyeingia madarakani 1927, alijenga barabara, bandari na reli kwa fedha za mabenki ya New York. Kazi zilipatikana, naye akasifiwa. Shaba ilikuwepo pia, lakini mgodi mkubwa wa Chuquicamata ulimilikiwa na Wamarekani.

Baada ya anguko la uchumi wa dunia la 1929 mikopo ikakatika huku bei za shaba na naitreti zikiporomoka. Serikali iking'ang'ania kuifunga peso na dhahabu, dhahabu ikazidi kutoka na fedha zikaadimika mitaani. Kufikia 1932 thamani ya mauzo ya nje ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80. Shirika la Mataifa likaitaja Chile kuwa nchi iliyoumia kuliko zote. Mwaka huo huo Marekani ikaitoza shaba ya kigeni ushuru wa senti 4 kwa ratili.

Siasa nazo hazikutulia. Julai 1931 ulipaji wa madeni ulisitishwa na Ibáñez akakimbilia Argentina. Septemba mabaharia wa jeshi wakaasi kwa kukatwa mishahara. Machimbo yalipofungwa, familia za wachimbaji zilimiminika Santiago, zikarundikwa katika makambi ambako homa ya chawa ilienea.

Peso iliachana na dhahabu 1932, ikashuka thamani. Bidhaa za nje zikawa hazishikiki kwa bei, na viwanda vya nguo vya nyumbani vikaanza kupata wanunuzi.